Dola 120 Zilizokaribia Shilingi Milioni Mbili

Mwezi Septemba 2024 nililipia toleo jipya la programu ninayoitumia kurekodi na kuchanganya sauti katika studio yangu ndogo ya Mwananyamala. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 120. Mwaka mmoja baadaye, nilipomaliza kulipia kila kitu kilichofuatana na toleo hilo, daftari langu la matumizi lilikuwa limefikia shilingi 1,970,000. Ninaieleza hesabu hiyo hapa kwa urefu kwa sababu maprodyuza wengi ninaofahamiana nao hapa Dar es Salaam, wanapofikiria kupandisha toleo, huuliza bei tu, ilhali bei ni sehemu ndogo tu ya gharama yenyewe. Jina la programu hiyo silitaji, kwa kuwa yaliyonipata yangeweza kumpata mtu anayetumia programu nyingine yoyote ya aina yake.

Nianze na dola zenyewe. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Siku niliyolipa, kadi yangu ilikatwa kwa kiwango cha shilingi 2,720, kwa hiyo toleo ambalo lingenigharimu shilingi 276,000 miaka miwili nyuma lilifikia shilingi 326,400 bila muuzaji kuongeza hata senti moja. Juu ya kiasi hicho iliongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo katika ukurasa wa matangazo haionekani mpaka unapofika mahali pa kulipa, na jumla ikawa shilingi 385,000 na ushee. Mteja wangu wa Tandale au Magomeni hanilipi kwa dola, na bei ya kurekodi wimbo mmoja kwangu, yaani shilingi 75,000, ilikuwa haijabadilika tangu mwaka 2021, kwa sababu niliogopa kwamba nikiipandisha angevuka barabara na kwenda studio ya jirani.

Baada ya malipo ndipo nilipogundua kwamba kompyuta yangu haikuwa na uwezo wa kupokea nilichokinunua. Ilikuwa ikitumia Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020, na toleo jipya lilidai Windows 10 au 11. Kuweka Windows 10 kungekuwa ni kujinunulia mwaka mmoja tu, kwani ilikwishatangazwa kwamba huduma yake ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haikubali kompyuta yoyote ile. Inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inahitaji prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana. Yangu ilikuwa ya kizazi cha tatu. Nilikwenda Kariakoo nikazunguka kwa siku mbili miongoni mwa maduka ya kompyuta za mtumba, nikanunua moja kwa shilingi 900,000, na fundi akaiongezea kumbukumbu kutoka GB 8 hadi 16 kwa shilingi 90,000. Ni kompyuta nzuri na sijutii kuwa nayo, lakini nisingeinunua mwezi ule kama nisingekuwa nimeshalipia toleo.

Plagini zikafuata. Kwa msomaji asiye wa fani hii, plagini ni programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu kubwa: moja hurekebisha sauti inayotoka nje ya noti, nyingine huweka mwangwi, nyingine hubana sauti ili isipande na kushuka mno, na nyingine ni kinanda au ngoma zinazopigwa ndani ya kompyuta. Plagini za zamani ziliandikwa kwa mfumo wa biti 32, na kompyuta pamoja na programu za leo ni za biti 64. Kwa miaka kadhaa programu kubwa zilikuwa na daraja la kuziwezesha zile za zamani kuendelea kufanya kazi, kisha kampuni moja baada ya nyingine ikaliondoa. Cubase, programu ya kurekodi ya kampuni ya Steinberg, iliacha kuzipokea plagini za biti 32 katika toleo la 9, mwaka 2016, na Apple ikaziondoa programu zote za biti 32 katika macOS Catalina, mfumo wa kompyuta zake wa mwaka 2019. Mimi nilichelewa kuingia katika mabadiliko hayo kwa sababu niliendelea na toleo langu la zamani kwa muda mrefu, na nilipoingia nikakumbana nayo yote kwa siku moja. Plagini mbili nilizozinunua kihalali zilihitaji kupandishwa toleo, nikalipa jumla ya shilingi 210,000. Nyingine tano, ambazo waandishi wake walizitoa bure miaka mingi iliyopita na kisha wakaacha kuzishughulikia, hazikuwa na toleo jipya la kununua.

Kuna pia gharama ya kupakua. Watengenezaji wanaandika ukubwa wa mafaili yao kana kwamba kila mtu ana intaneti isiyo na kikomo nyumbani. Sauti za vinanda na ngoma zilizokuja na toleo hili zilizidi GB 40, na umeme ulipokatika usiku wa pili upakuaji ulianza upya kwa sehemu kubwa, hivyo vifurushi vya intaneti vikanigharimu shilingi 65,000.

Kufikia hapo nilikuwa nimetumia shilingi 1,650,000. Kwa bei yangu hiyo ni nyimbo 22, nazo nyimbo 22 ni kazi ya zaidi ya mwezi mmoja na nusu kwa kasi ninayokwenda, ikiwa hakuna mteja anayechelewa kulipa. Nilikuwa radhi nayo kwa namna fulani, kwa sababu sikupandisha toleo kwa tamaa ya mapambo. Prodyuza mwenzangu wa Arusha ninayeshirikiana naye alikuwa ametangulia kuhamia toleo jipya, na mradi, yaani faili lenye kazi yote ya wimbo, uliohifadhiwa kwenye toleo jipya haufunguki kwenye la zamani, ingawa kinyume chake kwa kawaida kinawezekana. Kila alichonitumia kilibidi anitolee traki moja moja, yaani sauti ya kila mwimbaji au ala peke yake, na alikuwa ameanza kuchoka. Katika kazi ya kushirikiana, uamuzi wa kupandisha toleo mara nyingi hufanywa na mtu mwingine, na wewe unabaki na kazi ya kulipa.

Gharama iliyoniumiza kweli ilikuja Agosti 2025, na haikuja kwa sura ya ankara. Ustadhi mmoja wa madrasa ya hapa mjini alifika studio wiki tatu kabla ya Maulidi. Mwaka 2017 nilikuwa nimewarekodi wanafunzi wake wakiimba qaswida nne, watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili, na kwa moja kati ya hizo tuliweka kinanda kizito chini ya sauti zao, kama ilivyokuwa ikipendwa wakati ule. Sasa alitaka qaswida hiyo ibaki na sauti za watoto na dufu peke yake, ili ipigwe msikitini katika sherehe ya Mfungo Sita. Nikamwambia hiyo ni kazi ya nusu saa, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba ningefungua mradi, ningekizima kinanda, na kutoa faili jipya wakati yeye akiwa bado amekaa.

Mradi ulifunguka. Traki zote 23 zilikuwepo, majina yake yalikuwepo, rangi zake zilikuwepo. Nilipobonyeza kitufe cha kucheza tukasikia watoto waliopishana, mwimbishaji aliyekuwa akishuka chini ya noti mwishoni mwa kila ubeti, na waitikiaji wanaoingia kila mmoja kwa wakati wake. Hivyo ndivyo walivyoimba siku ile, na si aibu kwa watoto. Kazi ya kuwaweka pamoja niliifanya mimi baadaye, kwa siku tatu, noti kwa noti, ndani ya plagini ya kurekebisha sauti ya biti 32 ambayo huisoma sauti yote na kuyahifadhi marekebisho ndani yake yenyewe. Faili za asili za sauti haziguswi. Plagini ilipokosekana, marekebisho yote yalikosekana nayo, na mahali pake palikuwa na kisanduku cha kijivu chenye jina lake tu.

Nilimwambia Ustadhi kwamba tunaweza kuwaita wanafunzi waimbe upya. Akanijibu kwa upole, "Sauti zile hazipatikani tena, mwanangu. Wale watoto sasa wana ndevu."

Kompyuta ya zamani nilikuwa nimempa dada yangu anayeishi Mbagala, aliyekuwa akiitumia kuandika mali inayoingia na kutoka dukani kwake. Nilimpigia simu usiku ule ule kumuuliza kama amefuta chochote, naye akasema hajagusa kitu asichokijua. Kesho yake nilikwenda kuichukua, nikarudi nayo kwa bajaji nikiwa nimeipakata, nikaiwasha bila kuiunganisha na intaneti, na qaswida ikafunguka kama nilivyoiacha mwaka 2017. Niliitoa kila traki kuwa faili la kawaida la sauti, zote zikianzia sekunde ya kwanza ya wimbo ili ziweze kupangwa upya katika programu yoyote, pamoja na marekebisho yakiwa yameshachomwa ndani yake. Ustadhi alipata alichokitaka siku mbili kabla ya Maulidi. Dada yangu nilimnunulia kompyuta nyingine ndogo kwa shilingi 320,000 ili hii ya zamani nibaki nayo, na hapo ndipo ilipotimia ile 1,970,000.

Tangu siku ile nimekuwa nikizifikiria kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi kama NUTA Jazz zilirekodiwa katika studio za redio hiyo kwenye kanda za sumaku, na kanda iliyotunzwa vizuri bado inaweza kusikika leo, kwa sharti kwamba mashine ya kuichezea ipo na fundi wa kuitunza yupo. Zamani niliamini kwamba kwa kuhamia kwenye kompyuta tumeondokana na sharti hilo. Ukweli ni kwamba mradi wa wimbo ndani ya programu ni kanda pia, na mashine yake ni kompyuta ile, yenye toleo lile la programu na plagini zile. Fundi wa redio wa miaka ya 1970 asingeitupa mashine akabaki na kanda. Mimi niliigawa mashine kwa moyo mkunjufu kabisa, nikidhani kwamba kwa kunakili mafaili nimehamisha kila kitu.

Kwa hiyo sasa, kijana anaponiuliza anunue programu gani, ninamtaka aangalie namna kampuni inavyoshughulikia matoleo kabla ya kuangalia bei ya kuingilia. Tofauti ni kubwa mno. Image-Line ya Ubelgiji, watengenezaji wa FL Studio, iliyozaliwa kwa jina la FruityLoops mwishoni mwa miaka ya 1990, humpa mnunuzi matoleo yote yajayo bila malipo mengine, na ninaamini hiyo ni sababu mojawapo ya programu hiyo kupendwa na vijana wenye kipato kidogo, ingawa si wote wanaoitumia waliowahi kuilipia. Logic Pro ya Apple ni dola 199.99, na walioinunua tangu ilipotoka Logic Pro X mwaka 2013 walipata hata toleo la 11 la mwaka 2024 bure. Ila inafanya kazi kwenye kompyuta za Apple tu, kwa hiyo gharama ya toleo inarudi kwa njia ya kompyuta. Reaper ina leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa anayeitumia kibiashara ilimradi mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka, kiwango ambacho kinaziingiza studio nyingi za mitaani kwetu, nayo leseni hiyo inagharamia matoleo makuu mawili. Nyingine, kama Cubase na Ableton Live, hukutoza kila unapopanda toleo kuu, na huwa zinapunguza bei katika misimu fulani ya mwaka. Mtu mwenye subira anaweza kununua toleo la sasa karibu na kutoka kwa lijalo, kwani kampuni kadhaa humpa toleo jipya bure aliyenunua muda mfupi kabla halijatoka.

Hata ahadi ya maisha yote ina mpaka wake. Mwaka 2016 wateja wa SONAR, programu ya kurekodi ya Cakewalk, waliuziwa haki ya kupata matoleo yote ya baadaye, na Novemba 2017 kampuni ya Gibson, iliyokuwa ikiimiliki Cakewalk, ikatangaza kusitisha utengenezaji wake. BandLab ya Singapore iliinunua mwaka 2018 na kuitoa bure, hivyo watumiaji walinusurika, lakini hawakunusurika kwa sababu ya karatasi waliyokuwa nayo mkononi.

Kuhusu malipo ya kila mwezi au kila mwaka, msimamo wangu ni mkali zaidi. Pro Tools ya Avid huuzwa zaidi kwa njia hiyo, na ngazi yake ya Artist ni dola 99 kwa mwaka, ambazo kwa dola ya shilingi 2,700 ni 267,300. Kwa hesabu ya kalamu si nyingi. Tatizo ni kwamba kipato cha studio ya Dar es Salaam hakiji kwa mwezi. Ramadhani inapoingia, kazi za Bongo Flava na singeli hupoa kabisa kwangu, na qaswida huwa zimeshamalizwa kabla; kwaya huja kwa wingi kuelekea Pasaka na Krismasi; kisha kuna wiki nzima hakuna anayegonga mlango. Programu niliyoinunua inanisubiri mpaka kazi irudi. Programu ya kulipia kwa kipindi, malipo yakikatika, hunizuia kufanya kazi kwenye nyimbo ambazo si mali ya kampuni wala si mali yangu, ni za wateja waliozilipia. Machi 2023 kampuni ya Waves, maarufu kwa plagini zake, ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu isipokuwa malipo ya vipindi, na watumiaji duniani kote walilalamika kwa nguvu hata ikazirudisha leseni hizo ndani ya siku chache. Nilifurahi, na pia nilitishika, kwa sababu tuliona jinsi uamuzi wa asubuhi moja unavyoweza kuibadilisha kazi ya mtu aliye mbali kabisa.

Najua jibu ambalo wengi watanipa: weka kreki, yaani programu iliyovunjwa kinga ili itumike bila kulipiwa, uachane na hesabu hizi zote. Nilianza kazi mwaka 2011 kwa programu iliyochakachuliwa, kutoka kwenye diski niliyouziwa Kariakoo kwa shilingi elfu mbili, na sitajifanya sikufanya hivyo. Niliiacha mwaka 2016 baada ya virusi vilivyokuja na plagini ya kreki kuharibu kazi za wateja wawili, na pia kwa sababu sikuweza tena kukaa na wasanii wangu tukilalamikia wanaorudufu nyimbo zetu bila kulipa, wakati Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayozilinda nyimbo hizo inazilinda programu za kompyuta vilevile. Isitoshe, kreki haiondoi hata kimoja kati ya vitu nilivyovieleza: kompyuta ingehitajika, na plagini za biti 32 zingekufa vivyo hivyo.

Kitu nilichokibadilisha studio ni kimoja. Wimbo ukikamilika, kabla mteja hajaondoka na faili lake, natoa kila traki kuwa sauti ya kawaida ya WAV, mara mbili: kama ilivyorekodiwa, na kama ilivyo baada ya plagini zote. Naandika kasi ya mdundo na ufunguo wa wimbo katika jina la folda, na nakala moja inakwenda kwenye diski ya nje ninayoihifadhi nyumbani badala ya studio. Inachukua dakika ishirini hadi arobaini kwa wimbo. Nimeiongeza kwenye bei kwa shilingi 5,000, na hakuna mteja aliyelalamika nilipomweleza anachokilipia.

Kwa nyimbo za nyuma, kompyuta ya zamani iko chini ya meza, na kila Jumapili usiku naiwasha na kuendelea kutoa traki. Wiki hii nimefika kwenye kazi za Machi 2018. Zimebaki nyimbo 140, na feni yake imeanza kupiga kelele, kwa hiyo fundi atakuja Ijumaa kuisafisha. Tangazo la toleo linalofuata limeshaingia kwenye barua pepe yangu, likiwa na punguzo linalokwisha mwisho wa mwezi. Nimelisoma lote, na vipengele vyake ni vizuri. Nitalipia baada ya nyimbo 140, kwa bei yoyote itakayokuwapo wakati huo.